Kung fu: mafunzo yanayokuja kabla ya ngumi

Kila nikitaja kwamba nafanya mazoezi ya kung fu, watu wa rika langu hucheka. Mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, mvi zimeanza kuchomoza, anarusha mateke ya nini? Lakini wazazi wenye watoto wanaobaleghe hawacheki. Wao huniuliza maswali mawili: je, mtoto akifunzwa kupigana hatazidi ukorofi? Na je, mambo haya hayana doa katika dini? Nimekuwa katika mazoezi haya hapa Mombasa kwa miaka tisa sasa, na nimeonelea bora majibu niyaandike mara moja.

Neno lenyewe

Kwetu sisi tuliokua na kanda za video, kung fu ni Bruce Lee na yowe lake. Filamu yake, Enter the Dragon, ilitoka 1973, mwaka ule ule aliofariki akiwa na umri wa miaka 32. Kisha akaja Jackie Chan, akaja na Jet Li katika Shaolin Temple ya 1982. Tulikuwa tukitoka kwenye chumba cha video tukipigana mateke njia nzima hadi nyumbani.

Kwa Wachina wenyewe, neno hili asili yake si kupigana. Kung fu, au gongfu kwa matamshi ya Beijing, ni ustadi ambao mtu ameupata kwa kazi na kwa muda mrefu. Mpishi hodari ana gongfu. Iko hata namna ya kutengeneza chai taratibu, kwa vikombe vidogo vidogo, ambayo huitwa chai ya gongfu. Sanaa ya kupigana jina lake hasa ni wushu. Kwa maana hiyo, fundi wa Lamu anayechonga milango, aliyeanza utotoni kwa kufagia vumbi la karakana kabla ya kukabidhiwa tindo, ana kung fu yake hata kama hajawahi kumgusa mtu.

Nalianza na neno kwa sababu ndilo linalobeba somo lote. Anayekuja darasani akitaka kupigana huchoka upesi akaondoka. Anayebaki ni yule aliyekubali kwamba kitu hiki ni kazi na ni muda.

Asili yake, na Waislamu wa China

Jina linalojulikana zaidi ni Shaolin, hekalu la watawa wa Kibuddha lililojengwa mwaka 495 katika mlima Song, jimbo la Henan. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kung fu yote ni ibada ya Kibuddha. Sivyo. China ina mitindo mingi sana ya kupigana. Mingine ilikua vijijini, mingine jeshini, na mingine mikononi mwa Waislamu.

Waislamu wa kabila la Hui wamekuwa na sifa kubwa katika sanaa hii kwa karne nyingi. Mtindo wa bajiquan, unaojulikana kwa mapigo mafupi ya viwiko na mabega, kitovu chake ni Mengcun, wilaya ya Wahui katika eneo la Cangzhou, jimbo la Hebei. Mtindo wa zhaquan nao umehifadhiwa zaidi na Wahui. Katika karne iliyopita, mmoja wa mabingwa waliotajika kote China alikuwa Mwislamu wa Cangzhou, Wang Ziping, aliyezaliwa 1881 na kufariki 1973. Mbali na kupigana, alikuwa tabibu wa mifupa: mkono uliojua kuvunja ulijua pia kuunga. Binti yake, Wang Jurong, alifuata nyayo akawa profesa wa wushu. Ndugu zetu wanaosema kung fu si ya Waislamu, wala si ya wasichana, na wamtazame bibi huyo.

Suala la kuinama

Swali la dini kwa kawaida huangukia kwenye salamu. Salamu ya kung fu ni hii: mkono wa kulia unakunja ngumi, kiganja cha kushoto kilichonyooka kinaifunika, mikono yote miwili mbele ya kifua. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba ngumi ni nguvu na kiganja ni adabu inayoizuia. Katika darasa letu kichwa hubaki wima. Hakuna rukuu, hakuna sijda.

Hata hivyo, ziko shule duniani zinazoweka picha za mabingwa waliokufa, zikafukiza ubani na kuziinamia. Kwa Mwislamu hilo halifai, na mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa ada. Mwalimu muungwana hatakasirika. Wetu si Mwislamu, lakini hupanga vipindi visigongane na swala ya magharibi, na Ramadhani tunakutana baada ya tarawehe.

Mkao wa farasi

Somo la kwanza ni kusimama. Mkao wa farasi, ma bu kwa Kichina, ni kutanua miguu kupita upana wa mabega, kukunja magoti kama mtu aliyepanda farasi, mgongo ukiwa umenyooka, kisha kutulia. Dakika ya kwanza ni rahisi. Ya pili mapaja huanza kuwaka moto. Ya tatu kijana wa miaka ishirini mwenye misuli ya kubeba vyuma huanza kutetemeka, na pembeni yake kasichana kembamba ka miaka kumi na miwili kametulia tuli.

Hapo ndipo mtu anapojua kwamba subira si neno la kuambiwa mgonjwa tu. Ni kitu kinachofanyiwa mazoezi kama vile mguu unavyofanyiwa. Mimi nimeitumia subira ya mkao wa farasi zaidi katika foleni za ofisi za serikali kuliko mahali pengine popote. Mwili ukishazoea kukaa ndani ya usumbufu bila kulalamika, ulimi nao hujifunza.

Kurudia lile lile

Baada ya mkao huja ngumi moja ya moja kwa moja. Unairudia mara mia leo, na kesho mara mia. Watoto huuliza, "Mwalimu, lini tutajifunza kuruka?" Mwalimu hujibu kwa kuwaongezea mia nyingine.

Aliyesoma chuoni kwa maalimu anaujua mtindo huu. Alifu, bee, tee hazikuanza na tafsiri. Zilianza kwa kurudiwa mpaka zikakaa kinywani, ndipo mengine yakajengwa juu yake. Haba na haba hujaza kibaba. Vijana wetu wanaishi na simu inayowapa kila kitu kwa kidole kimoja, na hawana mahali pengi pa kuonja raha ya jambo lililokuja polepole. Mmoja katika darasa letu alichukua miezi saba kulipata teke la kuzunguka. Siku aliyolipata hakupiga makelele. Alilirudia mara tatu kuhakikisha halikuwa la bahati.

Mwili wa mwenzako ni amana

Mkifika kufanya mazoezi ya watu wawili, mwenzako anakupa shingo yake, mkono wake, goti lake. Ukikaza kupita kiasi anavunjika, na kesho huna wa kufanya naye mazoezi. Kwa hivyo unajifunza kipimo, yaani kurusha pigo kwa kasi na kulisimamisha kabla halijafika. Kuumiza ni rahisi. Kusimamisha ndiko kugumu.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Lamu na visiwa vyake wana kirumbizi, mchezo wa bakora unaochezwa katika harusi na sherehe, watu wawili wakishambuliana na kukingana kwa mdundo wa ngoma. Aliyepiga kwa hasira hapo huonekana mshamba, kwa sababu uhodari ni kumfikia mwenzako bila kumharibu. Kama Pwani tungelilea kirumbizi kama Wachina walivyolea mitindo yao, huenda leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Hasira na pumzi

Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu katika mieleka, bali ni yule anayejimiliki wakati wa hasira. Sote tunaijua hadithi hii. Lakini kujimiliki kunafanywaje, pale utingo anapokutukana mbele ya abiria wote na damu imeshapanda kichwani?

Katika mazoezi jibu ni la kimwili kabisa. Unateremsha mabega. Unatoa pumzi kwanza, ndefu, kisha unavuta kwa pua. Unafungua ngumi. Ukifanya hivyo kila siku unapochoka na unapopigwa, mwili huja kufanya wenyewe siku ya shari. Kile kitambo kidogo cha pumzi moja ndicho kinachomtenganisha aliyerudi nyumbani na aliyelala kituo cha polisi.

Kung fu ya kumpa mwizi simu

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo swali la kwanza la wazazi linapojibiwa. Katika mitaa yetu kadhaa tumeona watoto wadogo wakibeba visu na mapanga. Mzazi anaogopa mambo mawili kwa pamoja: mtoto wake kushambuliwa, na mtoto wake kuwa mshambuliaji.

Mwaka juzi kijana wa darasani kwetu alizuiwa na watatu usiku, mmoja ana kisu. Ana miaka sita ya mazoezi. Aliwapa simu, akarudi nyuma hatua mbili mikono ikiwa wazi, akaenda zake. Shuleni kwao walimcheka, wakimwambia kung fu yake ni ya kucheza mbele ya kioo. Mwalimu alimsimamisha mbele yetu sote akasema huyo ndiye aliyefuzu. Mtu asiyejua kupigana hudhani kisu kinanyang'anywa kama kwenye filamu. Aliyejaribu kukinyang'anya kisu cha mbao darasani mara hamsini, na akaona ni mara ngapi kimemgusa tumboni, anajua simu hununuliwa nyingine na roho hainunuliwi.

Ndiyo maana nasema mtoto aliyefunzwa vizuri hupigana kidogo kuliko asiyefunzwa. Hana haja ya kujua kama yeye ni mwanamume, kwa sababu anapimwa kila Jumamosi. Nimesema aliyefunzwa vizuri. Aliyefunzwa vibaya ni hatari kwake na kwa jirani.

Mambo ya kuangalia kabla ya kumpeleka mtoto

Nenda ukakae kipindi kizima ukitazama. Mwalimu akikataa mzazi asitazame, chukua mtoto wako urudi nyumbani.

Angalia wanafunzi wakubwa wanavyowatendea wadogo. Hapo utamjua mwalimu kuliko kwa maneno yake.

Uliza kuhusu majeraha, sanduku la huduma ya kwanza, na nini hufanywa mtoto akianguka vibaya.

Uliza kama wasichana wana kipindi chao au mpangilio wa stara, na kama hijabu na suruali ndefu zinakubaliwa.

Jihadhari na anayeahidi mshipi mweusi kwa miezi sita. Mitindo mingi ya kung fu haikuwa na mishipi ya rangi tangu asili, na hakuna ustadi wa miezi sita.

Na wewe mzazi mwenyewe, kama magoti bado yanakunjika, usikae kwenye kiti cha kusubiri tu. Vua viatu, simama pembeni mwa mwanao katika mkao wa farasi, muone nani atatetemeka kwanza.