Chopper ya Guka, na Mtu Aliyekuwa Anaiosha

Leo sina stori ya raba mpya. Niko na baiskeli.

Nilikuta imelala kwa stoo ya guka huko Kiambu, chini ya magunia ya makaa. Mjomba alikuwa ashaita watu wa skrepa waipime kwa kilo. Mimi nikaona usukani umeinuka kama pembe za ng'ombe, gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma, na gia ya kuvuta kwa mkono hapo kwa fremu, kama ya gari. Nikasema hii haiendi popote.

Ni Raleigh Chopper. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watoto wa California walikuwa wanafunga usukani mrefu na kiti kirefu kwa baiskeli zao ndogo, ndio zifanane na pikipiki. Kampuni ya Schwinn kule Chicago ikaona, ikatoa Sting-Ray mwaka wa 1963. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ikajibu na Chopper: Marekani 1969, kwao 1970. Ziliuzwa zaidi ya milioni 1.5. Yaani wenye viwanda walikopi watoto wa mtaa.

Yetu imepigwa nambari kwa habu ya nyuma: 74, halafu 5. Sturmey-Archer, waliotengeneza habu hizo, walikuwa wanaandika mwaka na mwezi kwa chuma chenyewe. Mei 1974. Guka aliinunua baadaye kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Nimekaa nayo wiki sita na fundi wa mtaa. Usukani tulisugua na foili na maji, kutu ikatoka. Spoki tukabadilisha moja moja. Habu ndio ilinitisha. Ndani kuna gia ndogo zinazozunguka ile ya katikati. Ukiwa gia ya pili, gurudumu linaenda sawa na cheni. Ya kwanza inapunguza robo, ya tatu inaongeza theluthi. Ilikuwa imekwama kabisa. Fundi akatia oili nyepesi, akaniambia, "Kijana, wacha ilale." Siku ya tatu ikazunguka: tik, tik, tik.

Nikatuma picha kwa grupu ya familia. Wajomba wakawaka. Huyu alianguka nayo mtoni, yule aligonga mbuzi wa jirani. Mathe hakuandika kitu. Jioni nikamuuliza.

"Hiyo ilikuwa ya vijana," akasema. "Mimi nilikuwa naiosha Jumamosi."

Hapo nilinyamaza. Wiki sita najiambia naokoa historia ya familia, kumbe ilikuwa ya nusu ya familia. Kila mkwaruzo kwa ile rangi una hadithi ya mjomba fulani. Mathe aliishika kila wiki na hana mkwaruzo hata mmoja.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: ukirekebisha kitu cha zamani, usiishie kuuliza kilitengenezwa lini. Uliza nani alikitumia, na nani alikuwa anakisafisha.

Jumapili tulienda uwanja wa kanisa. Alilalamikia magoti, alilalamikia majirani, halafu akapanda. Mimi nikashika kiti. Ameanguka mara mbili, na pedali ya kushoto imekwaruzika vizuri sana. Hiyo siigusi na rangi.

Kwenu kuna nini kwa stoo? Kabla uite watu wa skrepa, muulize mathe.