Watu Wasioandikwa Ubaoni

Msomaji kijana, ukipata nafasi ya kuingia katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule kongwe, inua macho utazame ukutani. Aghalabu utaona ubao uliopakwa vanishi, na juu yake yameandikwa kwa rangi ya dhahabu majina ya walimu wakuu wote tangu shule ilipoanzishwa, kila jina na miaka yake. Hilo ni jambo jema, wala silipingi. Lakini ubao wa wapishi hutauona, wala wa walinzi, wala wa makarani. Na watu hao nao wana historia, ambayo ni sehemu ya historia ya nchi yetu.

Hapo mwanzo shule zetu zilikuwa na wafanyakazi wachache mno wa namna hiyo. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906. Katika shule za misheni za siku zile, mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyekata nyasi, akateka maji, akalima shamba na kufagia bweni alimolala. Mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno waligoma. Hawakugoma kwa ajili ya chakula kibaya, kama uwezavyo kudhani. Waligoma kwa sababu kazi za mikono zilikuwa nyingi, nao walitaka kusoma na kuandika. Mgomo huo hutajwa kuwa wa kwanza katika historia ya shule za Kenya.

Usiwahukumu upesi kuwa walikuwa wavivu. Walowezi, na hata wakuu wengi wa serikali ya kikoloni, walipendelea Mwafrika afundishwe kazi za mikono kuliko elimu ya vitabu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilihimiza masomo ya kilimo na ufundi, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa shabaha hiyo hiyo. Wazazi wengi walitambua kwamba mtoto aliyepewa jembe mahali pa kitabu amewekewa pia mpaka wa cheo atakachofikia. Kwa hiyo kitabu kikagombewa, na waliokigombea walikuwa na haki.

Hata hivyo ushindi ule ulikuwa na hasara yake. Ufagio hautoweki mtu anapoukataa. Huokotwa na mtu mwingine. Shule zilipokua na masomo yalipozidi, waliajiriwa wapishi, matopasi, walinzi na watunza bustani ili mwanafunzi apate wasaa wa kusoma. Kidogo kidogo mtoto aliyesoma akaanza kudhani kwamba maana ya elimu ni kutoshika ufagio, na kwamba aushikaye ni mtu wa daraja la chini. Tulipambana na dharau ya mkoloni, kisha sisi wenyewe tukaitumia juu ya mpishi wetu.

Lakini wako waliojua kuyaunganisha mambo hayo mawili. Wagikuyu wengi walipoachana na misheni baada ya mgogoro wa mwaka 1929, walijenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa huko Githunguri chini ya uongozi wa Mbiyu Koinange. Majengo hayo yalisimama kwa michango na kwa jasho la wazazi, wake kwa waume. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule hizo zilifungwa, nyingine zikatiwa chini ya mamlaka ya serikali na misheni. Lakini desturi yenyewe haikufa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 iliinuka tena kwa jina la harambee, na shule nyingi za sekondari zikajengwa kwa mchanga na mawe yaliyobebwa migongoni na vichwani mwa wanakijiji.

Sasa hebu tuitazame kazi yenyewe. Chukua shule ya bweni yenye wanafunzi 600. Kila mmoja akipewa nusu lita ya uji asubuhi, zinahitajika lita 300, nazo ziwe tayari kabla ya kengele ya kwanza. Maji hayo yametekwa na mtu, na kuni zimepasuliwa na mtu. Githeri ya mchana haiwezi kuharakishwa; mahindi makavu na maharagwe huchukua saa nyingi motoni, na mpishi akikosea kuanza, hesabu ya saa nane itafundishwa kwa matumbo matupu. Anapoamka, wewe bado umelala usingizi mzito, na mtu pekee anayemwamkia ni mlinzi wa langoni, ambaye hakulala kabisa.

Watu hawa wamelipwaje? Walimu walipata Tume ya Kuwaajiri Walimu mwaka 1967, na tangu hapo mishahara yao imetoka mahali pamoja. Mpishi na mlinzi hawamo katika tume hiyo. Huajiriwa na bodi ya shule, na kima cha mshahara wao hutegemea hali ya mfuko wa shule. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na 370 za matumizi mengineyo. Piga hesabu mwenyewe. Shule ya watoto 400 ilipata shilingi 148,000 katika fungu hilo la pili, yaani kama 12,300 kwa mwezi, na humo ndimo ulimotoka ujira wa wafanyakazi, pamoja na ukarabati, maji na umeme.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zote zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021. Walimu wa Tume waliendelea kulipwa, kama ilivyostahili. Wafanyakazi wengi wa bodi walikaa miezi mingi bila senti, maana karo haikulipwa na sufuria zilikuwa zimefunikwa. Shule zilipofunguliwa, wengi wao walikuwa langoni na jikoni kabla yako.

Nakiri kosa langu. Nilikaa bweni miaka minne, nikala kwa mkono wa mzee mmoja siku zote hizo, nami namjua mpaka leo kwa jina la utani tulilompa sisi watoto. Alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini sikumwuliza.

Katika ofisi ya karani wa shule yako, yamkini lipo daftari la zamani la mishahara, lenye sahihi za watu na alama za vidole gumba vya wasiojua kuandika. Omba ruhusa ulitazame. Kisha, mchana sufuria zikiisha kuoshwa, ukimkuta mpishi ameketi juu ya gogo lake la kuni, mwamkie, umwulize alianza kazi mwaka gani, na ni nani aliyekuwa akipika hapo kabla yake. Andika atakayokuambia, na chini yake utie tarehe.