Kemikali ya kugeuza jeni za panya na fumbo la selimundu Bungoma

MSAFIRI anayeteremka kutoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Kamukuywa na Webuye hupoteza takriban mita 500 za mwinuko kabla ya kufika mwisho wa safari. Baridi ya Trans Nzoia hubaki nyuma, joto huongezeka, na pamoja na joto hilo mbu. Pale mbu wa malaria walipokita mizizi kwa vizazi vingi ndipo pia ugonjwa wa selimundu ulipo mwingi.

Uhusiano huo haukugunduliwa kwa bahati. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya kabla ya kwenda kusomea udaktari Uingereza, alirejea mwaka 1949 na kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliwakuta wabebaji wengi wa jeni ya selimundu katika Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye huugua. Wabebaji wawili wakioana, kila mtoto wanayemzaa ana uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kuupata ugonjwa huo.

Chanzo cha masaibu yote hayo ni herufi moja. Maandishi ya urithi, yaani DNA, huandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, C, G na T. Katika jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini, A moja iligeuka ikawa T. Seli nyekundu ya damu ambayo kwa kawaida ni mviringo ikaanza kujikunja mithili ya mundu, na hapo ndipo Kiswahili kilipopata jina la ugonjwa.

Maumbile, kwa hivyo, yalifanya jaribio lao wenyewe na binadamu akajifunza kazi ya jeni kwa kutazama matokeo. Swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu ni jinsi ya kujua kazi ya maelfu ya jeni nyingine ambazo maumbile hayajazigeuza waziwazi. Mtu hawezi kuharibiwa jeni makusudi ili itazamwe ataugua nini. Panya anaweza, na ndipo ilipoanzia taaluma ya kugeuza jeni za mnyama huyo kwa kemikali.

HARADALI YA VITANI

Wa kwanza kuthibitisha kwamba kemikali inaweza kugeuza urithi walikuwa Charlotte Auerbach, mwanamke Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, na mwenzake J.M. Robson. Wakiwa Edinburgh, Scotland, mapema katika miaka ya 1940, waliwapitisha nzi wa matunda katika gesi ya haradali, silaha iliyowaunguza askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vizazi vilivyofuata vilizaliwa na kasoro tele. Kwa kuwa vita vya pili vilikuwa vikiendelea, matokeo yalifanywa siri hadi mwaka 1946.

Kwa panya, kemikali iliyokuja kutawala ni ethilinitrosoyurea, ambayo kwa kifupi huitwa ENU. William Russell na wenzake katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, walitangaza mwaka 1979 kwamba ENU ilizishinda kwa mbali kemikali zote zilizokuwa zimejaribiwa kwa panya, na hata miale ya eksirei.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Panya dume hudungwa ENU tumboni, kwa kawaida mara kadhaa kwa vipindi vya wiki moja moja. Kemikali hiyo hujibandika kwenye herufi za DNA katika seli zinazozaa mbegu za kiume, na seli zinapojigawa, herufi husomwa vibaya. A huandikwa T, au T huandikwa C. Dume hupoteza uwezo wa kuzalisha kwa miezi miwili au mitatu. Akiurejesha, hupandishwa kwa jike wasioguswa, na kila kinda anayezaliwa hubeba makosa yake ya kipekee. Mabadiliko ya A kuwa T, yaleyale yaliyoleta selimundu, ni miongoni mwa yale ambayo ENU huyasababisha mara nyingi.

Ikumbukwe kwamba kemikali hiyo haichagui. Mtafiti hajui jeni ipi imepigwa. Kwa wastani, ukiangalia jeni moja mahususi, utaikuta imegeuka katika takriban kinda mmoja kati ya 1,000. Kazi kubwa basi ni ya macho: kupima damu, kusikiliza moyo, kuhesabu saa za kulala, kuona ni nani anayetofautiana na wenzake. Mkulima wa Kitale anayepita katika shamba la mahindi akitafuta bua moja lisiloanguka kwa upepo anaielewa kazi hiyo kuliko wengi. Hata ngano ya Njoro-BW1, iliyoidhinishwa nchini mwaka 2001, ilipatikana kwa mbinu iliyo ndugu ya hii, ingawa yenyewe ilitumia miale badala ya kemikali.

Kasoro isiyoonekana hadi irithiwe kutoka pande zote mbili huhitaji subira zaidi, kwani lazima panya wazalishwe kwa vizazi vitatu. Mimba ya panya huchukua takriban wiki tatu, na hii ni sababu mojawapo ya kuchaguliwa kwake. Sababu nyingine ni undugu. Urithi wake uliposomwa kwa ukamilifu mwaka 2002, ilionekana kwamba karibu asilimia 99 ya jeni zake zina mwenzake kwa binadamu.

Mwaka 1994, kundi la Joseph Takahashi huko Marekani lilipata kwa ENU panya ambaye saa yake ya ndani ilikwenda polepole kupita siku. Jeni yake, iliyopewa jina la Clock, ilitambuliwa mwaka 1997, na kuitafuta kulichukua miaka mitatu. Leo kusoma DNA yote ya panya wa namna hiyo ni kazi ya majuma machache.

DAMU NA MALARIA

Kwa msomaji wa Bungoma, panya wawili wana maana ya karibu zaidi.

Wa kwanza aliripotiwa mwaka 1983 na Mary Lyon wa Harwell, Uingereza, baada ya ENU kumwachia upungufu wa damu tangu kuzaliwa. Kwa miaka 27 hakuna aliyejua ni jeni ipi. Mwaka 2010 ilibainika kuwa ni KLF1, inayoamrisha utengenezaji wa seli nyekundu. Mwaka uo huo, uchunguzi wa familia moja ya Malta ulionyesha kwamba watu wenye KLF1 iliyopungua nguvu huendelea kutengeneza himoglobini ya kichanga hata wakiwa watu wazima. Himoglobini hiyo haijikunji. KLF1 huiamsha jeni nyingine, BCL11A, ambayo ndiyo huizima himoglobini ya kichanga baada ya mtoto kuzaliwa.

Wa pili ni wa watafiti wa Australia. Waliwadunga panya ENU, kisha wakawaambukiza vizazi vyao malaria ya panya ili waone nani atapona. Mwaka 2012 walieleza juu ya panya aliyegeuka jeni ya ankirini, protini inayoishikilia ngozi ya seli nyekundu. Vimelea viliingia ndani ya seli hizo lakini vikashindwa kukua. Panya aliyerithi mgeuko huo kutoka upande mmoja alilindwa. Aliyeurithi pande zote mbili alipungukiwa na damu vibaya. Ni hesabu ileile aliyoikuta Allison, sasa ikiwa imeandikwa upya ndani ya kizimba.

Panya, hata hivyo, si mtu. Malaria inayoua watoto wa Magharibi mwa Kenya haimwambukizi panya wa kawaida, na hivyo vimelea vya maabara vilichukuliwa kwa wanyama wengine. Aina moja inayotumiwa sana ilipatikana mwaka 1948 kwa panya-mwitu wa Katanga, Kongo. Wala panya hana himoglobini ya kichanga kama yetu. Ilibidi mwaka 1997 atengenezwe panya mwenye jeni za himoglobini za binadamu ndipo selimundu ichunguzwe ipasavyo. ENU yenyewe husababisha saratani, na anayeigusa hana budi kujikinga kikamilifu.

Tangu mwaka 2012 kumekuwa na mbinu ya Crispr, inayokata jeni iliyochaguliwa. Imepunguza haja ya ENU lakini haikuiondoa, kwa sababu Crispr humtaka mtafiti ajue mapema anachokitafuta. Kwa Crispr hiyohiyo, tiba inayoidhoofisha BCL11A katika seli za mgonjwa mwenyewe iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Mbale, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Bungoma, kulifanyika kazi ya gharama ndogo zaidi. Mji huo wa Uganda ulikuwa mojawapo ya vituo vinne vya Afrika, pamoja na Kilifi, vilivyowapa watoto zaidi ya 600 dawa ya hidroksiyurea, kidonge cha zamani kinachoamsha himoglobini ya kichanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kupungua kwa maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Dawa hiyo humezwa kila siku, na mtoto anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara ili kipimo chake kirekebishwe.