SOMO LA HISTORIA: MPASUAJI NAYE ANA MGONGO

Fungueni madaftari. Leo tutasoma habari za kazi na mwili.

Wewe uliyepiga kasia usiku kucha ziwani, nawe uliyeinama tangu asubuhi kuanika dagaa mchangani, mnajua maumivu ya mgongo. Je, mmepata kufikiri kwamba daktari mpasuaji naye huumwa mgongo?

Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliwafundisha madaktari wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Aliona kwamba kusimama mno na kuinama mno huharibu mwili.

Zamani mpasuaji alifungua tumbo kwa jeraha refu. Mwaka 1980 Kurt Semm, wa mji wa Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa kupitia matundu madogo. Mwaka 1985 Mjerumani mwenzake, Erich Mühe, alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo. Mgonjwa akaumia kidogo, akarudi kwake mapema.

Lakini maumivu mengine yalimhamia daktari. Kwanza aliinama kuchungulia kwa jicho ndani ya mrija. Kisha ikaja kamera ndogo, akatazama picha katika kioo cha televisheni. Kioo kikiwekwa juu mno, shingo hukaza. Tena vyombo vyake ni virefu. Fikiri kasia lililofungwa ubavuni mwa mashua: ukivuta mpini kwako, bapa huenda upande wa pili. Vivyo hivyo, mkono wake ukienda kulia, ncha iliyo tumboni huenda kushoto. Na kitanda kikiwa juu, hufanya kazi ameinua mabega.

Dawa yake si ghali. Kitanda kishushwe hata mipini ya vyombo iwe usawa wa viwiko. Kioo kiwe mbele yake, chini kidogo ya macho. Naye apumzike kidogo kila baada ya muda.

Jambo hili latuhusu. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 kilimani mjini Mwanza, hupokea wagonjwa wa mikoa ya ziwa. Wapasuaji si wengi. Mmoja akishindwa kusimama, wagonjwa wangapi watangoja?

Nawe jifunze. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hawana mchanga, na mwanikaji hainami sana. Inua kazi, usiushushe mgongo.

MASWALI
1. Ramazzini aliwataka madaktari waulize nini?
2. Kwa nini kitanda kishushwe?
3. Katika kazi yako, ni kitu gani chafaa kuinuliwa?