Magongo: Kwa nini timu changa za vyuo huanza msimu kwa vichapo

MSIMU wa mpira wa magongo unapoanza, mashabiki wa timu ya chuo hawahitaji zaidi ya mechi tatu kabla ya kuanza kutafuta wa kulaumiwa. Wa kwanza huwa kocha. Baada yake huja zamu ya kipa, kisha nahodha, kisha idara ya michezo ya chuo, na mwisho kabisa waamuzi, ambao hata hivyo hulaumiwa kila msimu, timu ishinde isishinde.

Mjini Kakamega mjadala huu una uzito wa pekee kwa sababu watu wa huko wanaujua mchezo wenyewe. Ndani ya kaunti hiyo imo Shule ya Upili ya Musingu, karibu na Khayega, ambayo jina lake halikosekani magongo ya shule yanapotajwa. Imo pia klabu ya Butali Sugar Warriors, inayobeba jina la kiwanda cha sukari cha Malava, na ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikivutana na Kenya Police kuwania taji la Ligi Kuu ya wanaume. Ukivuka mpaka wa kaunti utakutana na Tigoi Girls upande wa Vihiga, Friends School Kamusinga na Misikhu Girls upande wa Bungoma, na St Anthony's kule Kitale. Huu ni ukanda ambao umewalea wachezaji wa timu ya taifa kwa miongo kadhaa.

Kwa hivyo shabiki wa Kakamega anapoishuhudia timu ya chuo ikifungwa mabao manne, matano, mfululizo, swali lake huwa la haki kabisa: Si hawa ndio wale vijana waliokuwa wakitamba mwaka juzi wakiwa shuleni?

Ndio hao. Na jibu la kitendawili limo humo humo.

KIKOSI KISICHOTULIA

Klabu ya kawaida inaweza kukaa na mlinzi mmoja wa kati kwa miaka kumi. Timu ya chuo haiwezi. Mchezaji huingia akiwa na umri wa miaka 18 au 19, hutumia mwaka wa kwanza kujifunza, wa pili kuzoea, wa tatu kung'ara, na wa nne huwa tayari ana mguu mmoja nje ya lango, akitafuta mahali pa mafunzo ya kazi na pengine akizungumza na klabu kubwa. Akihitimu, huondoka na yote aliyofundishwa. Vikosi vya ulinzi na usalama na klabu zenye wafadhili huwa zinawasubiri wahitimu wa aina hii, kwa kuwa huweza kuwapa ajira pamoja na jezi.

Basi timu ya chuo iliyomaliza msimu uliopita vizuri inaweza kuanza msimu mpya bila uti wake wa mgongo. Msimamo wa ligi huionyesha kwa jina lile lile, lakini waliomo uwanjani ni watu wengine. Shabiki anayelinganisha matokeo ya mwaka huu na ya mwaka jana hulinganisha vikosi viwili tofauti.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, maarufu MMUST, ni mfano wa taasisi ambayo bado inajenga kumbukumbu yake ya michezo. Kilianza mwaka 1972 kikiitwa WECO, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na kikapata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2007, kikichukua jina la mwanasiasa Masinde Muliro aliyefariki mwaka 1992. Taasisi ya umri huo haijawa na vizazi vingi vya wahitimu wa kurudi Jumamosi jioni kumfundisha chipukizi namna ya kushika gongo wakati wa kuzuia kona. Klabu za kale za Nairobi zina wazee wa aina hiyo tele, wengine wakiwa wamezichezea timu hizo kabla wazazi wa vijana hawa hawajaoana.

Ipo pia kalenda. Ligi hufuata ratiba ya chama cha mchezo huu, na masomo hufuata ratiba ya seneti ya chuo. Mbili hizi hazijawahi kukaa meza moja. Wiki ya kwanza ya muhula, wakati klabu nyingine zimekwisha kucheza mechi za kirafiki, nusu ya kikosi cha chuo huwa bado inapanga foleni ya usajili au ya kutafuta chumba cha kulala. Anayetaka kujua kwa nini mabao mengi ya timu hizi hufungwa katika dakika za mwisho aanze kutafuta hapo, kabla hajafika kwa kocha.

NYASI NA ZULIA

Sababu ya pili hutajwa mara chache, nayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Tangu Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, magongo ya kiwango cha juu huchezewa kwenye nyasi bandia. Kenya ililaza zulia lake katika uwanja wa City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na kwa miaka mingi hapo ndipo mechi nyingi za ligi zilipochezewa. Lakini mtoto anayejifunza magongo katika shule ya kawaida ya magharibi mwa Kenya hujifunzia kwenye nyasi za Mungu, mara nyingi uwanja ule ule unaotumiwa kwa soka na kwa gwaride.

Tofauti yake si ndogo. Mpira wa magongo una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na ni mgumu. Kwenye nyasi za kawaida hurukaruka, hupunguza kasi, hugonga kichuguu na kubadili njia. Mchezaji aliyekulia hapo hujifunza kuupokea kwa uangalifu, kuupiga kwa nguvu ili ufike, na kuamini kwamba pasi ndefu itapoa kabla ya kumfikia. Kwenye zulia lililomwagiwa maji mpira huo huo huteleza kama umepakwa mafuta. Pasi iliyokuwa sahihi Kakamega hutoka nje ya mstari Nairobi. Mlinzi aliyezoea kuwa na nusu sekunde ya kufikiri hujikuta mshambulizi ameshampita.

Ongeza hapo safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka Kakamega hadi jijini, mara nyingi kwa usiku mmoja, na mechi mbili katika wikendi moja. Timu yenye wachezaji wa akiba wa kutosha huweza kuvumilia, kwa sababu sheria za magongo huruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, na aliyetoka anaweza kurudi. Timu iliyosafiri na akiba wachache, ama kwa sababu ya nauli au kwa sababu wengine wana mtihani Jumatatu, hainufaiki na sheria hiyo. Tangu mwaka 2019 sheria za dunia zinataka mchezo uwe wa robo nne za dakika 15 badala ya vipindi viwili vya dakika 35. Mapumziko ya ziada yamesaidia, ingawa kasi nayo imeongezeka, kwani kila mtu hukimbia akijua kwamba kituo ki karibu.

KONA YA ADHABU

Shabiki anayetaka kuisoma timu yake vizuri aache kuhesabu mabao kwa muda, ahesabu kona za adhabu.

Kona hii hutolewa, miongoni mwa sababu nyingine, mlinzi anapocheza rafu ndani ya duara la lango lake, au anapofanya rafu ya makusudi karibu na duara hilo. Walinzi watano tu, kipa akiwa mmoja wao, huruhusiwa kukaa nyuma ya mstari wa lango. Wenzao wote hutumwa ng'ambo ya mstari wa kati. Mshambulizi mmoja huusukuma mpira kutoka mstari wa mwisho, mwenzake huutuliza nje ya duara, na wa tatu huufyatua. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko inavyochukua kuyasoma hapa.

Kuizuia kona hiyo ni kazi ya watu watano wanaojuana kama vidole vya mkono. Mmoja hukimbia moja kwa moja kumkabili mpigaji, naye anahitaji moyo mgumu kwelikweli. Wengine huziba njia za pembeni, na kipa huamua kama atasimama au atalala. Mazoezi yake ni ya miezi. Isitoshe, kijana aliyetoka shule yenye uwanja wa mabonde huwa hajawahi kukutana na kona iliyopigwa sawasawa, kwa sababu kwenye uwanja huo mpira hautulizwi kirahisi na mpigaji hukosea yeye mwenyewe. Kumbe alikuwa akiokolewa na kichuguu. Akifika kwenye zulia, huokolewa na nani?

Ndiyo maana timu changa inaweza kucheza vizuri katikati ya uwanja, ikamiliki mpira, ikashangiliwa, na bado ikapoteza kwa mabao matatu ambayo yote yametokana na kona. Matokeo hayo huumiza, ila yanarekebishika. Lililo gumu kurekebisha ni timu isiyoweza kabisa kuingia ndani ya duara la wapinzani, kwa maana bao la magongo halihesabiwi mpaka mpira uwe umeguswa na mshambulizi ndani ya duara hilo.

JUKWAANI

Mashabiki wa eneo hili hawana upole wa kinafiki. Katika mapigano ya fahali ya Waisukha na Waidakho, kule Khayega na Malinya, fahali anayegeuka na kukimbia huwa ameshindwa hapo hapo na hapana rufaa. Huenda ndipo tulipopata mazoea ya kutoa hukumu haraka. Lakini watu hao hao ndio wenye isukuti, ngoma ambayo mwaka 2014 UNESCO iliitambua kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na ambayo haingoji ushindi ndipo ipigwe. Wafuasi wa AFC Leopards, klabu iliyoasisiwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, waliishuhudia timu yao ikishushwa daraja mwaka 2006 na kurudi Ligi Kuu msimu wa 2009. Hawakuhama.

Timu ya magongo ya chuo haina umati kama huo. Wanaoitazama ni wanafunzi wenzao, wahitimu kadhaa, wazazi walio karibu, na wapita njia wanaopenda mchezo. Kwa sababu ni wachache, kila neno lao husikika uwanjani. Kipa wa miaka 19 aliyefungwa mabao sita humsikia kwa jina anayemzomea, na kesho yake hukutana naye kwenye foleni ya chakula. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wahitimu ndio kundi lenye madhara na manufaa makubwa kuliko yote. Wakija na hadithi za enzi zao tu, huwa mzigo. Wakija na nauli ya basi, mavazi ya kipa na saa mbili za mazoezi ya kona, huwa wamefanya zaidi ya risala kumi za malalamiko kwa ofisi ya chuo. Vifaa vya kipa peke yake, kuanzia kofia ya chuma hadi kinga za miguu, ni gharama ambayo timu ya wanafunzi huihisi.

Wapo wanaotaka kocha aondolewe baada ya mechi nne. Wakati mwingine huwa na sababu: kocha asiyefika mazoezini hatetewi na mtu. Ila kumfuta kocha katikati ya muhula, wakati hakuna mwingine na wachezaji wanaingia mitihani, maana yake huwa ni wanafunzi kujifundisha wenyewe hadi mwisho wa msimu.

MAREKANI, FEBRUARI 1980

Mfano maarufu zaidi wa vijana wa vyuo kuanza vibaya hautoki kwenye nyasi bali kwenye barafu. Tarehe 9 Februari 1980, timu ya Marekani ya magongo ya barafuni, iliyojaa wanafunzi na wahitimu wapya wa vyuo chini ya kocha Herb Brooks wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ilicheza mechi ya kirafiki na Muungano wa Sovieti mjini New York. Ilifungwa 10-3. Siku 13 baadaye, katika Olimpiki ya Lake Placid, timu hizo zilikutana tena, Marekani ikashinda 4-3, kisha ikailaza Finland 4-2 na kutwaa dhahabu.

Hadithi hii husimuliwa kama muujiza, na wasimulizi wengi huacha sehemu iliyo muhimu: Brooks alikuwa amekaa na vijana hao kwa miezi mingi, akiwachezesha mechi baada ya mechi katika majira yote ya baridi. Kile kichapo cha New York kilikuta kazi imekwisha kufanywa. Timu isiyofanya mazoezi ikifungwa 10-3 leo itafungwa hivyo hivyo baada ya siku 13.

Kenya nayo ina rekodi yake, ingawa siku hizi husahaulika. Ilimaliza ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, mjini Barcelona, mwaka 1971, enzi za Avtar Singh Sohal. Mara ya mwisho timu ya wanaume kuonekana Olimpiki ilikuwa Seoul mwaka 1988. Tangu hapo, mzigo wa kuzalisha wachezaji umeangukia kwa kiasi kikubwa shule za magharibi, na vyuo ndivyo daraja kati ya shule hizo na klabu.

Kwa shabiki anayefuatilia timu ya aina hii, mechi za kufaa kuipima ni kuanzia ya tano au ya sita, muhula ukiwa umetulia. Atazame kama idadi ya kona inazoruhusu inapungua, kama robo ya nne inafanana na ya kwanza, na kama wale watano wa kuzuia kona ni wale wale wa wiki iliyopita. Halafu mitihani huanza, na hesabu yote huvurugika tena kwa wiki tatu hivi.