Posho, Papai na Takwimu: Bunge la Tanzania Mbele ya Korona

Ijumaa ya tarehe 1 Mei 2020 Dodoma iliamkia msiba wa tatu katika muda usiofika wiki mbili. Mchungaji Getrude Rwakatare, mbunge wa viti maalumu, alikuwa amefariki Aprili 20. Richard Ndassa wa Sumve akafuata Aprili 29. Sasa ilikuwa zamu ya Balozi Augustine Mahiga, Waziri wa Katiba na Sheria. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetajwa rasmi kuwa amekufa kwa korona. Lakini ilikuwa mikutano ya bajeti, wabunge wamejaa mjini, na kila aliyekohoa kwenye korido alitazamwa.

Siku hiyo Freeman Mbowe, Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni, aliwaagiza wabunge wa CHADEMA wasikanyage tena ukumbini, wajitenge kwa siku 14. Alitaka pia Bunge lisitishwe kwa siku 21, na wabunge pamoja na watumishi wapimwe. Spika Job Ndugai alijibu kwa lugha ambayo kila Mtanzania anaielewa, lugha ya posho. Waliochukua fedha za vikao na kuondoka, alisema, warudi kazini ama wazirudishe. Kwa wiki nzima magazeti yakaandika nani karudi, nani kagoma, na nani bado yuko Dodoma kajificha. Baadhi ya wabunge wa CHADEMA waliukaidi uongozi wao wakaendelea na vikao. Mei hiyo hiyo Kamati Kuu ya chama ikawavua uanachama wanne: Wilfred Lwakatare, David Silinde, Anthony Komu na Joseph Selasini.

Nayarejea haya kwa sababu, katika historia ya Bunge letu, sijui wiki nyingine ambayo upinzani ulikuwa na swali zito zaidi mkononi ukaliacha lianguke. Swali lenyewe lilikuwa la takwimu.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, Machi 16. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule na kuzuia mikusanyiko. Kwa wiki kadhaa taarifa zilitoka karibu kama zilivyotoka nchi jirani: idadi ya waliopimwa, waliolazwa, waliopona. Aprili 29 Tanzania Bara ilitoa hesabu yake ya mwisho. Zanzibar iliendelea kwa siku chache zaidi, na Mei 7 jumla ya nchi ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ilisimama hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika majedwali ya Shirika la Afya Duniani, Tanzania ikawa nchi ambayo haiumwi wala haifi, na huku watu wa Dar es Salaam wakisambaziana kwenye simu picha za maziko ya usiku yenye watu wachache waliovaa mavazi meupe.

Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo penye papai. Mei 3, akiwa Chato, katika hafla ya kumwapisha Mwigulu Nchemba kushika nafasi ya marehemu Mahiga, Rais John Magufuli aliieleza nchi kwamba vyombo vya dola vilikuwa vimeipima maabara ya taifa kwa siri. Sampuli za papai, za mbuzi, hata za oili ya gari, zilipelekwa zikiwa zimepewa majina na umri wa watu. Papai likaandikwa kama mwanamke, na majibu yakaja kuwa lina korona. Siku iliyofuata mkurugenzi wa maabara alisimamishwa kazi, na kamati ya uchunguzi ikaundwa.

Hebu tumpe Rais haki yake. Kiongozi anayetilia shaka vipimo hajakosa kitu, na vipimo vya mwanzo vya ugonjwa ule vilikuwa na kasoro duniani kote. Hoja yake nyingine, kwamba mama lishe na machinga wanaokula walichokipata siku ile hawawezi kufungiwa ndani, ilikuwa na uzito kuliko wapinzani wake walivyokuwa tayari kukiri. Baadhi yao walitaka miji ifungwe bila kueleza mtu wa Manzese angekula nini. Huo ulikuwa ubishi halali wa sera, na nchi zenye akili zao zilibishana hivyo hivyo. Lakini kushuku mashine ni jambo moja, na kunyamaza ni jambo lingine. Maabara ikiwa na hitilafu, hurekebishwa kisha hesabu ikaendelea kutolewa. Hapa maabara ilisemwa vibaya, hesabu ikazimwa, na ripoti ya kamati haikuwekwa mezani pa Bunge ili ijadiliwe.

Jumatatu ya Mei 4, basi, ndiyo siku ambayo mbunge wa upinzani alipaswa kusimama na kuomba mwongozo wa Spika. Nani alichukua sampuli? Mashine ilikuwa ipi? Wagonjwa walioandikwa kabla ya hapo ni wa kweli au wa papai? Viti vingi vya upinzani vilikuwa vitupu. Mbowe alikuwa sahihi kuhusu hatari ya ukumbi uliojaa watu, hilo halina ubishi. Alichokosea ni kuhamisha vita kutoka kwenye takwimu, ambako serikali haikuwa na jibu, kwenda kwenye mahudhurio, ambako Spika alikuwa na kanuni zote upande wake.

Ni haki pia kuuliza kama kukaa ndani kungesaidia kitu. Bunge lenyewe lilikuwa limeshapunguzwa makali kabla virusi havijafika. Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Januari 2023. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikafanya kosa la jinai kutoa takwimu za kupingana na za serikali. Kifungu kile kililegezwa mwaka uliofuata baada ya kelele nyingi, ila hofu haikulegea nacho. Mwezi Aprili 2020 leseni ya mtandao ya gazeti la Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita kwa kosa la picha ya Rais akinunua samaki katikati ya umati, ikisemekana ni ya zamani. Na Julai, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikazuia kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka.

Jeraha kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa la mwaka 2019. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, alikuwa amesema katika mahojiano kwamba ripoti zake kutofanyiwa kazi ni dalili ya udhaifu wa Bunge. Neno hilo moja lilimfikisha mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka, na Aprili 2 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba akaondoka ofisini. Bunge lililokuwa limemkataa mkaguzi wake kwa sababu ya neno moja ndilo lililoletewa korona miezi minne baadaye.

Wakenya watasema kwao ilikuwa tofauti. Ilikuwa tofauti, ila si kwa sababu ya upinzani wao. Tangu kiongozi wa upinzani Raila Odinga na Rais Uhuru Kenyatta wapeane mikono mwezi Machi 2018, upinzani rasmi Nairobi ulikuwa umekaa mezani pamoja na serikali, na waliokuwa wakipiga kelele ni watu wa Naibu Rais William Ruto, waliokuwa wakivuliwa vyeo bungeni mmoja mmoja. Polisi wa kafyu walikuwa wameshamwua mtoto wa miaka 13 kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko. Seneti iliunda kamati ya muda kuhusu korona chini ya Johnson Sakaja. Kamati ilifanya kazi nzuri ya kuwahoji mawaziri, hadi Julai 2020 mwenyekiti mwenyewe alipokamatwa kwenye baa wakati wa kafyu. Akajiuzulu uenyekiti, akakiri kosa, akatozwa faini ya shilingi 15,000 za Kenya. Wakenya hawakosi vichekesho hata msibani.

Kilichowaokoa ni karatasi. Agosti waandishi wa NTV walirusha uchunguzi kuhusu wale waliokuja kuitwa mamilionea wa Covid, na KEMSA, mamlaka ya kununua dawa, ikawa jina la kila kijiwe. Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu alifanya ukaguzi maalumu akakuta ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 ukiwa na kasoro. Kampuni zilizosajiliwa juzi zilipewa zabuni. Barakoa za KN95 zilinunuliwa kwa shilingi 700 moja, bei ya soko ikaporomoka, na mzigo ukabaki ghalani. Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma, chini ya mbunge wa Mvita, Abdulswamad Nassir, iliwaita wakubwa wa KEMSA pamoja na wafanyabiashara, wakaulizwa mbele ya kamera nani aliwapigia simu na nani alisaini barua. Wengi wa waliotajwa bado wanatembea huru, na sitaki kuipamba Kenya kuliko inavyostahili. Ila barua zilisomwa hadharani, na leo mwanahistoria akitaka kujua kilichonunuliwa Aprili 2020 na kwa bei gani, anajua pa kuanzia.

Tanzania ilikwenda kwenye uchaguzi Oktoba 28, 2020 bila hesabu yoyote. Chama tawala, CCM, kilichukua majimbo 256 kati ya 264. Kambi Rasmi ya Upinzani ikatoweka. Novemba wanawake 19 wa CHADEMA, wakiongozwa na Halima Mdee, waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu bila ridhaa ya chama, wakafukuzwa uanachama siku chache baadaye lakini wakabaki bungeni. Mtaani waliitwa Covid-19. Wengi waliocheka utani huo hawakuona kwamba ndiyo mara pekee korona ilikuwa na idadi kamili ndani ya Bunge lile.

Aliyevunja kimya hatimaye alikuwa mpinzani, ila si kwa hotuba. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa ameapishwa Desemba 2020 kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, katika serikali ya umoja wa kitaifa iliyowagawa hata wafuasi wake. Januari 27, 2021, Rais Magufuli akiwa Chato alitilia shaka chanjo za kigeni. Siku chache baadaye, mwishoni mwa Januari, chama chake Maalim, ACT-Wazalendo, kilitoa taarifa fupi: Maalim, mkewe na baadhi ya wasaidizi wake wamepimwa na kukutwa na korona. Basi. Hakuna shutuma, hakuna madai. Taarifa ile moja ilikanusha miezi mingi ya matamko kwamba korona haipo. Maalim alifariki katika Hospitali ya Muhimbili Februari 17, siku ile ile aliyofariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Kwangu mimi, kitendo kikubwa cha uwajibikaji katika janga lile kilifanywa na mzee aliyekuwa kitandani, na kilihitaji ujasiri kuliko kutoka ukumbini.

Mwezi uliofuata ukawa wa uvumi. Tundu Lissu wa CHADEMA, akiwa Ubelgiji, aliuliza hadharani Rais yuko wapi. Waziri Mkuu akajibu kwamba mzima wa afya na anachapa kazi. Machi 17 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha Rais Magufuli, sababu ikitajwa kuwa ni maradhi ya moyo. Samia aliunda kamati ya wataalamu, ambayo mwezi Mei ilipendekeza takwimu zirudi na nchi ijiunge na mpango wa chanjo. Julai 28 alichanjwa mbele ya kamera. Aliyekwaruzana na Bunge safari hii alikuwa mbunge wa CCM, Askofu Josephat Gwajima wa Kawe, aliyehubiri dhidi ya chanjo akasimamishwa kuhudhuria mikutano miwili.

Halafu ikaja fedha. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 567, takriban shilingi trilioni 1.3, na madarasa ya Uviko, kama korona ilivyoitwa rasmi, yakaota kila kata. Mwishoni mwa Desemba Spika Ndugai, akizungumza Dodoma, alihoji busara ya nchi kuendelea kukopa hivyo. Ni swali la kawaida kabisa kwa kiongozi wa mhimili unaopitisha bajeti. Alishambuliwa na wana-CCM wenzake, akaomba radhi, akakemewa na Rais, na Januari 6, 2022 akajiuzulu. Mtu aliyetumia Mei 2020 kuwadai wapinzani posho aliondoka kwa kuuliza swali la upinzani, na hapakuwa na wapinzani wa kutosha ukumbini wa kumtetea.

Kumbukumbu Rasmi za vikao vya 2020 zipo, na yeyote anaweza kuzisoma. Kisichokuwamo ni hesabu ya wafu kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya 2021, na hiyo haitapatikana Dodoma. Iko kwenye madaftari ya misikiti na parokia, kwenye rejista za serikali za mitaa, kwenye vitabu vya michango ya vyama vya kufa na kuzikana. Kama wewe ni mjumbe, katibu wa msikiti au mtunza makaburi, na daftari la miaka hiyo bado liko kabatini kwako, tafadhali usilichome. Lipeleke kwenye Nyaraka za Taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, na uombe wakupe stakabadhi.