Picha ya Beit al-Ajaib

Mwaka 2019 kijana mmoja, niliyemfundisha ualimu chuoni, aliniletea picha aliyoipiga Forodhani, Unguja, alipokwenda kutembea. Ilikuwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. "Shikamoo Mwalimu. Naomba unikosoe."

Nilianza na sifa, kama tulivyokuwa tukiwaelekeza walimu wanafunzi: mwanga wa alasiri ulikuwa mzuri, na nguzo zilihesabika. Kisha nikataja kasoro. Picha imeinama upande. Hakuna mtu wa kutuonyesha ukubwa wa jumba. "Na ukuta huo uliobanduka lipu unaharibu sura. Ungesimama mahali usipoonekana."

"Lakini ndivyo lilivyo, Mwalimu," alijibu kwa adabu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Niliitazama picha ile upya. Kasoro mbili nilizitaja kwa haki. Ya tatu ilikuwa yangu: mimi, mwalimu wa historia, nilimtaka afiche ushahidi. Nilimwomba radhi, nikamsihi aandike tarehe nyuma ya picha.